Suruali Niliyoipima Mara Tatu

Mtu wa kwanza kunikabidhi kitambaa cha suti alikuwa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Lubumbashi, ambaye nilipanga naye nyumba Braamfontein, Johannesburg, ghorofa ya sita, katika mwaka wake wa mwisho chuoni. Kitambaa kilikuwa cha zambarau iliyokolea. Alisogeza sufuria, akakitandaza juu ya meza yetu ya kulia, akasema, "Fundi, siku ile ya mahafali mi nataka hata profesa aseme, huyu bwana iko na baba tajiri."

"Baba yako si mwalimu wa shule ya msingi?"

"Ndiyo. Njo maana nataka suti."

Alikuwa ananiita fundi, lakini sikuwa fundi wa mtu yeyote. Nilikuja Johannesburg kutoka Tanga kumsaidia mjomba kuuza makava ya simu Hillbrow. Kushona nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama video na kufumua makoti ya mtumba nione yameungwaje kwa ndani. Koti la kwanza nililifumua kwa saa mbili, kulirudisha kukanichukua miezi miwili, na mkono wake mmoja unaelekea nyuma hadi leo. Halafu nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Nikituma ujumbe wa neno "sawa" nausoma mara tatu kabla ya kuutuma na mara mbili baada ya kuutuma, kisha naanza kuwaza kama ungekaa vizuri zaidi na nukta.

Kushona suti ningeweza. Kilichoninyima usingizi ni mama yake. Mama huyo alikuwa fundi cherehani tangu kabla mwanawe hajazaliwa, na nguo zote za maana alizowahi kuvaa yule bwana, kuanzia ya ubatizo, zilitoka mikononi mwake. Siku alipompigia simu kumwambia kwamba ya mahafali imepata fundi huku huku, mama aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kisha akasema, taratibu: "Muzuri. Nitakuya kuona."

Angekuja kwa basi, siku tatu njiani, kuona. Usiku huo nilijiapiza: akikuta kosa, cherehani naiuza, narudi kwa mjomba kupanga makava.

Niwaeleze kwanza nilikuwa naishi na watu gani. Mhandisi wetu alikuwa anapiga pasi shati la kwendea maktaba. Wiki ya mitihani alivaa tai, kwa sababu, alisema, mtihani lazima ujue ni nani amekuja. Hakuweza kuvuka daraja la juu ya reli bila kusimama katikati, kulitazama na kusikitika. "Hawa batu," alikuwa anasema, huku mabasi yakipita salama salimini, "bana bahati."

Mwenzetu wa tatu alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa sheria, ambaye naye alikuwa anahitimu wiki hiyo hiyo, siku mbili baadaye. Huyu alivaa sweta moja lenye kofia kuanzia mwaka wa pili hadi wa nne. Kadi yake ya chuo aliipoteza mara nne, akawa anaingia kwa kumwamkia mlinzi wa getini, mtu wa Bukavu, shikamoo ndefu yenye salamu za nyumbani ndani yake. Mlinzi alikuwa mdogo wake kwa umri, lakini aliipenda sana ile shikamoo. Nyumbani Mkenya alituandikia katiba, akaibandika kwenye friji. Zamu ya kuosha vyombo ikimfika, alikuwa anakata rufaa.

Kifungu cha saba cha katiba hiyo kilihusu ndala. Nyumba nzima ilikuwa na jozi moja, ya bluu, iliyoachwa na mpangaji aliyetutangulia. Majira ya baridi vigae vya Johannesburg vinauma kama vina meno, kila mtu akawa anaitaka. Mahakama, yaani Mkenya, iliamua kwamba watu wawili wakizihitaji kwa wakati mmoja, kila mmoja apewe moja. Ndiyo maana kwetu halikuwa jambo la ajabu kumkuta mtu anapika amevaa ndala ya kushoto, mguu mwingine kaukunja kama korongo, na mwenzake anapiga mswaki na ya kulia. Kwa miezi kadhaa tuliishi hivyo, na macho yangu yakaacha kabisa kuziona.

Siku ya kupima nilipiga magoti na futi yangu ya kitambaa. Fundi mwenye akili zake anapima mguu mmoja, anamaliza. Mimi nilikuwa nimeona kwenye video kwamba miguu ya binadamu haiko sawa, na fundi makini hupima yote miwili. Basi nikapima yote miwili, kiunoni mpaka sakafuni. Wa kulia ulizidi kwa sentimita mbili. Nikarudia. Sentimita mbili. Nikarudia mara ya tatu.

"Iko shida?" aliuliza kutoka juu.

"Hakuna shida, kaka."

Nilimwonea huruma. Kijana mtanashati kama yule, na mguu mmoja mrefu! Sikuwa na moyo wa kumwambia. Tangu siku ile nikawa namtazama akitembea, na Mungu anisamehe, nikaanza kuona kweli kwamba anachechemea. Nikamsifu kimoyomoyo kwa jinsi anavyojikaza.

Wiki tatu nilishona. Kola nilifumua mara tano. Bitana niliichagua ya rangi ya chungwa, nikaishona kwa mkono, mishono midogo kama punje za ufuta. Pindo la suruali nilishona mara mbili, nikalibandika na utepe wa gundi ya pasi juu yake, lisije likafumuka hata siku ya kiama. Alipojaribu, alijitazama kwenye kioo pekee tulichokuwa nacho, cha juu ya sinki, kinachoonyesha mtu hadi kifuani. Alijigeuza kushoto na kulia, machozi yakamlengalenga. Kifua kilikaa vizuri mno, hata mimi sikushusha macho chini.

Asubuhi ya mahafali alivaa suti, kisha akavaa joho la chuo.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo kila aliyesoma chuo analijua, na mimi ambaye sikusoma sikuwa nalijua: joho linafunika kila kitu. Kola iliyofumuliwa mara tano ikapotea. Bitana ikapotea. Kazi yangu ya wiki tatu ikamezwa na pazia jeusi, ikabaki shubiri moja tu ya suruali, pale chini juu ya viatu. Sote watatu tukainamisha vichwa kuitazama ile shubiri.

"Fundi," alisema Mkenya, "mbona huo mmoja umelala kwa kiatu?"

Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa umejikunja juu ya kiatu kama soksi ya mzee. Wa kushoto ulikaa sawasawa. Nikaona hakuna tena haja ya kuficha.

"Kaka, samahani. Sikutaka kukuumiza. Mguu wako wa kulia ni mrefu."

"Mguu ya nani?"

"Nilipima mara tatu."

"Mi nacheza mpira tangu mutoto! Mguu yangu iko muzuri!"

Mkenya aliinua mkono kutuliza mahakama. "Shahidi atulie. Fundi, siku ya kumpima, mimi nilikuwa wapi?"

"Unapika ugali."

"Nikiwa nimevaa nini mguuni?"

"Ndala ya kushoto."

Hakuuliza swali la tatu. Alienda bafuni, akarudi na ndala ya kulia, akaishika kwa kidole gumba na cha shahada, akanionyesha unene wake. Sentimita mbili kamili, najua kwa sababu niliipima pale pale.

Nilitaka sakafu ya ghorofa ya sita ifunguke. Kufumua kusingewezekana; pindo la siku ya kiama lilitaka saa nzima na mvuke wa pasi, na sisi tulikuwa na dakika kumi. Mkenya ndiye aliyeamua. Alichukua mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao hata karatasi sijawahi kuukatia, akaanza kukata mpira wa ndala kwa umbo la unyayo. Kila alipokata nilisikia ndani ya meno. Kipande hicho kikaingia kiatu cha kulia, mguu ukaingia juu yake, na suruali ikanyooka pande zote mbili, safi kabisa.

"Tembea," aliamuru.

Mhandisi alitembea. Alionekana kama mtu anayepanda ngazi kwa upande mmoja tu.

Kila mhitimu alipewa kadi mbili za wageni. Moja ilikuwa ya mama, aliyeshuka kwenye basi asubuhi hiyo hiyo, ya pili aliniachia mimi, fundi wake, ili nione kazi yangu. Mkenya akabaki nje na simu, kutazama kwenye skrini. Kwa hiyo mtu niliyekuwa namwogopa kuliko wote duniani nilikutana naye ukumbini, kiti kwa kiti. Mwanamke mfupi, wa kitenge cha kijani kilichoshonwa kiasi kwamba maua ya upande mmoja yalikutana na ya upande wa pili bila kukosea hata petali. Nilikihesabu kwa macho kutoka bega hadi bega. Hakuna petali iliyokosea.

"Weye njo fundi?" aliuliza.

"Ninajaribu, mama."

"Mm," alisema, akageukia jukwaa.

Jina liliposomwa, mhandisi wetu alitokea pembeni mwa jukwaa. Hatua ya kwanza ilimwinua, ya pili ikamshusha. Ninamjua yule bwana. Niliona bega lake likifikiri. Kisha akaamua kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Akainuka, akashuka, akasimama, akarekebisha joho kwa vidole viwili, akainuka tena, kama mfalme anayekwenda kuukagua uwanja wa ndege wake. Wanafunzi wakaruka vitini. Vigelegele, miluzi, mtu akapuliza vuvuzela kutoka kusikojulikana. Mkuu wa chuo alisubiri na kofia mkononi, na naapa naye alianza kuyumba kwa mdundo ule.

Mimi nilikuwa nacheka mpaka nikahisi mkono umenibana. Mama alikuwa amenishika, macho yamejaa maji.

"Papa," alisema, kama mama wa Kongo anavyomwita kijana yeyote, "mwana yangu analemaa. Tangu lini?"

"Ni... ni mtindo, mama."

"Mtindo ya nani? Banamupiga huku! Na haniambie!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa jicho lake kukuta kosa kwenye pindo. Sikuwa nimejiandaa kwa mama aliyekaa siku tatu kwenye basi kuja kugundua kwamba mwanawe ameumizwa akamficha. Alilia bila sauti mpaka jina la mwisho likasomwa.

Nje, kwenye nyasi kavu za Julai, alimfuata mwanawe moja kwa moja akapita maua, wapiga picha na Mkenya aliyekuwa amenyoosha mikono kumpokea. "Vua kiatu."

"Mama, batu banaona..."

"Vua!"

Akavua. Kipande cha mpira wa bluu kikaanguka kwenye nyasi, kidogo na cha aibu. Mama alikitazama. Mhandisi alinitazama. Mkenya, wakili wa kila mtu, alitazama mawingu.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema yote, kwa pumzi moja, kutoka video ya miguu hadi kifungu cha saba. Nilimwambia hata jinsi nilivyomwonea mwanawe huruma kwa wiki tatu. Nilipofika kwenye mkasi, mama alikuwa ameketi chini. Nikadhani amezimia. Alikuwa anacheka, amejishika mbavu, kilemba kimelala upande. "Miguu yote miwili!" alirudia. "Anapima yote miwili! Bwana Yesu!"

Alipomaliza kujifuta macho alimwamuru mwanawe avue joho, kisha koti. Mhandisi akabaki na shati, anatetemeka kwa baridi katikati ya wahitimu wenzake. Mama aligeuza koti nje ndani. Hakutazama kola wala mifuko. Alipitisha kidole gumba kwenye mishono ya bitana, mmoja mmoja, mkono wa kulia, wa kushoto, mgongoni, polepole kama anasoma barua. Nilihesabu makava ya simu kichwani: ya plastiki, ya ngozi, yenye kioo nyuma.

"Ya ndani iko muzuri kupita ya inje," alisema.

Sikujua kama ni sifa. Akatoa wembe na sindano kwenye pochi yake, akaketi miguuni pa mwanawe, akafumua pindo la siku ya kiama kwa muda wa kumenya chungwa. Kisha akanikabidhi sindano. Nilishona pale pale, nimepiga magoti kwenye nyasi, majoho yakitupita pande zote na Mkenya akiwaelekeza watu wasikanyage uzi. Mama alitazama mshono wa mwisho ukiingia, akaukata uzi kwa wembe.

Kisha alisimama, akafungua zipu ya mkoba wake, akatoa kipande kirefu cha kitenge cha kijani, ndugu wa kile alichovaa.

"Kilibakia," alisema. "Sketi. Imalizike mbele ya Jumapili, njo siku basi inaondoka."

Nikatoa futi mfukoni. Akaniwekea kiganja kifuani kunizuia, akainama, akavua kiatu cha kulia, akavua na cha kushoto, akavipanga pembeni. Akasimama peku kwenye nyasi za baridi, wima kabisa, mikono kiunoni.

"Haya, papa. Pima."

Nilipima mara moja. Sawa, mara mbili.