Mama Aliomba Meza ya Bwana, Tukamtafutia Tenti

Mama yangu aliteleza kwa matope akitoka kuchota maji, akaumia nyonga, na tangu siku hiyo hakuweza kwenda kanisani tena. Kanisa lenyewe si mbali. Ukisimama kwa boma letu kule Ndalu unaona mabati yake. Lakini katikati kuna mteremko mbaya na daraja la magogo, na mtu wa fimbo mbili hawezi kupita hapo hata akisaidiwa.

Hakulia juu ya maumivu. Hakulia hata juu ya kukaa ndani kutwa. Kitu moja tu ndio ilikuwa inamkula moyo.

"Wenzangu wanashiriki Meza ya Bwana, mimi nasikia tu ngoma kutoka huku," aliniambia kwa simu. "Mwambie mchungaji aniletee."

Maneno ni hayo tu. Mwambie mchungaji aniletee. Mkate kidogo, kikombe kidogo, maombi, amina. Kazi ya nusu saa. Lakini kwetu Bungoma huwezi kufanya jambo la mzazi bila kuambia ndugu zako, utaonekana ni kama unataka kumiliki mama peke yako. Kwa hivyo nikaandika kwa grupu ya familia kwa simu, nikisema Mama anataka Meza ya Bwana nyumbani. Hapo ndipo maneno ilituponyoka mkononi.

Wa kwanza kujibu alikuwa dada yangu mdogo. Yeye anakaa Bungoma mjini, ameajiriwa kwa ofisi ya serikali. Ni mtu wa roho nzuri, sitaki msomaji afikirie vingine. Akiona mgonjwa analia kabla hata hajaambiwa anaumwa wapi. Shida yake ni kwamba hajui kufanya kitu ndogo. Akaandika, "Amina! Tumfanyie Mama shukrani. Mungu amemtoa mbali." Kaka yetu wa Eldoret akaweka ile mikono ya kuomba. Kabla sijamaliza kuosha vyombo, ile mkate ya Mama ilikuwa imeshakuwa tenti, viti vya kukodisha, keki, na askofu.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kitale. Kibanda changu kiko nyuma ya soko, na chakula ya watoto wangu inatoka kwa sare za kina mama wa makanisa. Nimewashonea wa kila aina, wa kola nyeupe, wa mikanda, wa kofia. Kwa hivyo haya mambo nayajua kutoka ndani. Nimeona mama mzima akikaa nyumbani Jumapili, ati kwa sababu mapleti yake, ile mikunjo ya sketi, ni madogo kuliko ya wenzake. Nimeona kikundi cha maombi kikivunjika juu ya rangi. Nanyamaza, nashona. Lakini sikujua itafika kwa mlango wa mama yangu.

Haikukaa wiki nyingi, robota ya kitambaa cha sare za familia ikafika kwa kibanda changu. Rangi ya maruni. Dada akapiga simu.

"Dada, kitambaa imefika?"

"Imefika. Na mchungaji atafika lini?"

"Mchungaji ako tu. Tunangojea askofu apate nafasi."

"Askofu wa nini? Mama aliomba mkate."

"Si atapata hiyo mkate? Siku hiyo hiyo. Wewe shona kwanza."

"Kwa nini asipate Jumatano hii, halafu tenti ije ikitaka?"

Akasema kwa ile sauti ya kubembeleza mtoto, "Dada, unataka Mama aombewe kimya kimya kama mtu hana watoto?"

Hiyo ndio ilikuwa kidonda yenyewe. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto alikuwa amefanyiwa shukrani na watoto wake. Kulikuwa na zulia jekundu kutoka barabarani mpaka kwa mlango, juu ya matope. Kulikuwa na kamera ya kuruka, ikatisha ng'ombe za watu mpaka zikakata kamba. Ndalu yote iliongea hiyo siku. Na dada yangu alikuwa ameapa kwa moyo wake kwamba mama yetu hatafanyiwa kidogo kuliko yule.

Nikaamua niende nyumbani nizungumze na Mama mwenyewe, nikijua yeye atawanyamazisha.

Nilipofika sikumpata sebuleni. Sebule ilikuwa tupu, mafundi wanapiga plasta, simiti kila mahali. Nikaita. Akaitikia kutoka stoo. Mafundi walikuwa wamehamisha kitanda chake wakamweka huko, kati ya gunia za mahindi na gunia ya mbolea, ili wageni wapate mahali pazuri pa kukaa. Dirisha ya stoo ni tundu tu. Alikuwa anakohoa na vumbi.

"Mama, nani alikuleta huku?"

"Ni ya siku kidogo tu. Unataka askofu akae wapi?"

"Akae kwa kiti, Mama. Ana makalio kama sisi."

"Eeh! Hiyo mdomo uliitoa wapi?" Lakini akacheka, halafu akakohoa, halafu akaanza kunieleza. Ati ukuta utapakwa rangi ya krimu. Ati kutakuwa na maua. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu wa kunisaidia, kumbe na yeye alishachukuliwa. Uani kulikuwa na majogoo wamefungwa kwa kamba wananoneshwa, na hakuna mtu aliruhusiwa hata kuwatishia.

Nikamwambia, "Si nimwite tu mchungaji aje leo?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Aje aone nini? Simiti? Na aondoke kwangu bila kuku?"

Lazima nieleze hii, kwa sababu mtu wa mahali pengine anaweza kufikiri ni mchezo. Kwetu mgeni wa heshima akiingia lazima achinjiwe kuku, na ile firigisi iwekwe kwa sahani yake, na mtu mwingine asiiguse. Akienda bila kuku, ni kama hakufika. Watu hawatasema alikuja kuomba, watasema alipewa chai kavu. Mwanamke wa umri wa mama yangu akiambiwa hivyo anaweza kuugua.

Basi tukaendelea kungoja. Askofu alikuwa na safari. Aliporudi, tenti ilikuwa imechukuliwa na harusi ya Moi's Bridge. Tenti ilipopatikana, mvua ikaharibu barabara. Halafu shemeji mmoja akasema maruni ni rangi ya matanga, tuchukue buluu, na grupu ya familia ikawaka moto juu ya hiyo maneno kwa siku nzima, asubuhi mpaka watu wakalala. Nikaingia hapo nikaandika, "Kuna mtu amemuuliza Mama anaendelea aje?" Mtu akaleta picha ya keki.

Mimi niliacha shule nikiwa msichana mdogo, nikarudi kusoma nikiwa na watoto, madarasa ya jioni, yale watu wanaita ngumbaru. Nilienda kwa sababu nilitaka kujisomea Neno la Mungu bila kungoja mtu anisomee. Nasoma pole pole, kidole chini ya mstari. Na kwa vile nasoma pole pole, siruki kitu. Bado sijaona mahali Yesu alimwambia mtu angoje kwanza apige plasta. Nimeona akiingia kwa nyumba za watu jinsi zilivyo. Nimeona akimwambia yule mama aliyekuwa anahangaika na mapishi kwamba anajisumbua na mengi. Haya tunahubiriwa kila mwaka. Tunasema amina, tunatoka nje, tunauliza ni nani ataleta sufuria kubwa.

Siku moja Mama akanipigia. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Kwani hiyo shukrani," akasema, "itanikuta?"

Nilikuwa nimekanyaga cherehani. Nikaacha mguu hapo hapo. Nikafunga kibanda mchana, na wateja wawili wakiwa wamesimama nje. Nikampigia mchungaji wa Ndalu.

Ni kijana mpole, ana makanisa mengi ya kuzunguka na pikipiki ya zamani. Akaniambia, "Mama, nilikuwa nimetaka kuja kitambo. Lakini niliambiwa nisiharibu programu, askofu ndiye atashirikisha."

"Nani alikuambia? Yesu?"

Sijivunii kuongea na mtumishi wa Mungu hivyo, lakini siombi msamaha pia.

"Kesho," akasema.

Tulikutana kwa boma asubuhi, yeye na gamubuti zimejaa matope, na kile kisanduku chake cha Meza ya Bwana amekifunga kwa karatasi ya nailoni. Nikamwingiza moja kwa moja stoo.

Mama akashtuka kama amemwagiwa maji. Akavuta leso kichwani. "Mchungaji! Ooh, aibu gani hii! Mbona hamkuniambia?" Kisha akapaza sauti kwa dirisha, "Shikeni kuku!" Na kabla mtu hajainuka, akajikumbuka, akaweka mkono mdomoni. "Hapana. Wale ni wa askofu."

Hapo ndipo Mama alikwama kabisa. Jogoo wa askofu hawezi kuchinjiwa mchungaji, askofu atakula nini. Na mchungaji hawezi kukaa bila jogoo. Nilimwona akiangalia mlango, akiangalia kisanduku, akiangalia mlango tena. Macho yalikuwa yanakitaka kile kisanduku, mtu yeyote angeona. Halafu akasema, pole pole, "Mchungaji, tafadhali, rudi siku ingine. Nitakuwa nimejitayarisha."

Mchungaji akaanza kuinuka! Kwa adabu, ati asimsumbue. Nikamshika koti.

"Kaa chini," nikamwambia. Halafu nikageuka. "Mama, ni nani anakula leo?"

"Sasa unauliza nini?"

"Nauliza. Mchungaji amekuja kula?"

"Amekuja kunipa Meza."

"Meza ni ya nani?"

"Ni ya Bwana, si unajua."

"Basi mwenye kupika ni Yeye, na wewe ndio mgeni. Umewahi kuona wapi mgeni akiulizwa kuku?"

Mama yangu anajua sheria za wageni kuliko mtu yeyote Ndalu, na hakupata pa kutokea. Mchungaji akaona nafasi, akatandika kitambaa cheupe juu ya gunia ya mbolea, akaweka mkate na kikombe.

"Hata nguo sijabadilisha," Mama akasema, lakini tayari alikuwa ananyoosha mikono.

Alipoupokea mkate hakuutafuna haraka. Aliushika kwa ulimi, macho yamefungwa, na simiti iko kwa nyusi zake. Huko sebuleni fundi alikuwa anapiga ukuta wa mwisho na mwiko, pa, pa, pa. Mama alisema amina kabla mchungaji hajafika mwisho wa maombi, akasema tena alipofika mwisho, na tulipofungua macho akaisema mara ingine, peke yake, kama alikuwa na deni ya amina nyingi. Mimi nililia. Nilikuwa bado na hasira, na nililia tu nayo hivyo hivyo.

Ilibidi tumwambie dada. Nikapiga, nikaweka sauti nje Mama asikie.

"Ati nini?" akasema. "Mmefanya? Na sisi? Sasa tutamwambia askofu aje kufanya nini? Dada, wewe huwezi kungoja? Wewe kazi yako ni kuharibu tu!"

Nikawa nataka kumjibu. Nilikuwa na maneno ya miezi. Mama akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeshakula. Tenti mkitaka leteni, mkiacha acheni."

"Mama, tulitaka tu kukuheshimu."

"Najua." Akakohoa. "Basi nirudishieni kitanda yangu."

Dada alikuja Jumamosi. Hakunisalimia. Alivaa viatu vya ofisini na akasimama kwa mlango wa stoo akiangalia pale Mama alikuwa analala. Alikuwa hajawahi kupaona, alikuwa anapanga kila kitu kutoka Bungoma kwa simu. Aliangalia zile gunia, akaangalia lile tundu la dirisha, akavua viatu. Akashika upande mmoja wa kitanda, mimi nikashika mwingine. Kwa mlango wa sebule tukagonga ukuta, ile rangi ya krimu ikakwaruzwa mstari mrefu.

"Unaona sasa?" akasema. Ndiyo maneno ya kwanza aliniambia siku hiyo.

"Inua upande wako," nikamwambia.

Mama alikuwa amekaa kwa stuli anatuelekeza na fimbo, weka hapa, hapana, geuza, nataka kuona nje. Tulipomaliza dada akakaa ukingoni mwa kitanda, akafuta jasho. Bado alikuwa amekasirika, na mimi pia.

"Mchungaji atarudi?" akauliza, anaangalia miguu yake.

"Mwisho wa mwezi," Mama akasema. "Na asipige simu kwanza, mtaanza tena."

"Nitakuja," dada akasema.

"Njoo na hiyo nguo umevaa," nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu anataka kunitukana, halafu akaniuliza mchungaji atafika saa ngapi.