Kitundu Kando ya Kiti cha Mama

Nilinunua gari kwa sababu ya nyonga ya mama yangu. Pikipiki ilimwangusha karibu na soko, mfupa ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo hakuweza tena kupanda pikipiki wala basi. Na safari aliyokuwa nayo moyoni ilikuwa moja tu: kwenda Sake kwa mdogo wake, ambaye macho yalikuwa yanazimika. Njia ya Sake ilikuwa imefungwa kwa muda mrefu, sasa ilipitika. "Mutoto yangu," mama aliniambia, "nataka mudogo yangu anione mbele giza imufunge." Angeweza kusema anataka kumwona. Alisema anataka kuonwa, na nilimwelewa vizuri.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la usukani wa kulia kama mengi yanayotufikia, na lilikuwa ibridi: injini ya petroli mbele, betri kubwa ya umeme chini ya kiti cha nyuma, na viwili hivyo vinasaidiana. Kilichonivuta ni kwamba lilikuwa fupi. Mama aliweza kukaa kwanza, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine bila kupiga kelele ya maumivu. Mimi nafundisha fizikia sekondari, mwaka wa ishirini na tatu sasa, na niliamini kwamba katika mtaa wetu mzima wa Keshero hakuna mwingine anayeelewa gari hilo. Majirani walikuja kuniuliza linachajiwa wapi, na umeme wetu ndio huu wa kukatika. Niliwaeleza jinsi breki zinavyorudisha nguvu kwenye betri. Walitikisa vichwa kwa heshima, nami niliwadharau kwa sababu walitikisa bila kuelewa.

Mtu akinunua gari Goma, kitu cha kwanza ni kulinyanyua, kwa sababu mji umekaa juu ya mawe ya volkano na mawe hayo hayana huruma na tumbo la gari. Sikuzote nilikuwa nikiwacheka wanaonyanyua magari kwa kufuata mkumbo. Kisha nami nikalinyanyua langu, ila mimi nilipiga hesabu kwanza kwenye karatasi. Fundi akaweka vipande vya chuma juu ya springi, gari likasimama juu juu kama kuku aliyelowa. Mama alipokuja kujaribu kuingia hakuweza. Nikamwekea kreti ya kukanyagia, nikamsukuma kwa nyuma.

"Gari ilikuwa muzuri pale ilikuwa fupi," akasema.

Nikamweleza habari za mawe. Nilimweleza kwa muda mrefu, na kwa sauti ninayotumia darasani.

Kitu cha pili ni vumbi. Vumbi letu ni jeusi, linaingia hadi kwenye chumvi, na mwenye gari wa hapa hufunika kila kinachofunikika. Nilimpata fundi wa viti, mtu mpole kutoka Butembo, anayeongea huku amebana sindano midomoni. Alivalisha viti ngozi ya plastiki, akafika kando ya kiti cha nyuma, mahali palipokuwa na kitundu chenye vyuma vidogo vidogo, upana wa kiganja.

"Papa, hii tuiache wazi?" akauliza.

"Iache ya nini? Ni mapambo tu. Vumbi itapita pale. Ifunge."

"Labda iko na kazi yake."

"Wewe shona," nikamwambia.

Akakijaza sponji, akakivika ngozi, akashona kwa uzi mwekundu. Ilikuwa kazi safi sana na niliwaonyesha watu.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Huyo ana gari la zamani kuliko langu, na kila asubuhi hubeba sambaza, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufukoni Kituku hadi sokoni. Springi zake zimelala kwa uzito wa samaki, milango inafungwa kwa kamba, na harufu yake hukutangulia kona mbili kabla halijafika. Hakumaliza shule ya msingi. Alikuja na chupa mbili za bia, kwa sababu kwetu kitu kipya huarozwa: kinamwagiwa kinywaji ili kidumu. Nilimwambia mambo hayo ni ya washamba. Akacheka, akamwagia magurudumu moja moja, kisha akafungua mlango wa nyuma akanyunyiza hata kwenye kiti.

"Hapa ni pa mama," akasema. "Mama akae na baraka."

Nilitamani kumpiga. Nilichukua kitambaa nikapangusa kiti mbele yake, taratibu, ili aone.

Siku ya posho iliyofuata, yaani Jumamosi, nilimpakia mama kwenda Sake, amevaa kitenge chake cha misa, na zawadi ya maharagwe mapajani. Tulifika Mugunga. Kwenye mwinuko gari likaanza kuvuta pumzi kwa shida, taa nyekundu ikawaka mbele yangu, nguvu zikaisha, tukasimama. Niliwasha, nikazima, nikawasha tena. Mama alirudi nyumbani katika kabini ya lori la kabichi, wanaume wawili wakimwinua kama gunia, na wote walimwita mama na kumwomba radhi. Mimi nilibaki na gari, nikisukumwa na watu waliokuwa wanacheka waziwazi.

Jioni hiyo nilikwenda kwa dada yangu. Shemeji alikuwa anakula. Nilimwambia mbele ya mke wake na watoto wake kwamba ameua gari langu kwa bia, kwamba umeme na maji havikai pamoja, jambo analojua mwanafunzi wangu wa mwisho darasani, na kwamba mtu asiyesoma asiguse vitu asivyovielewa. Aliweka chini kipande cha ugali.

"Pole, shemeji," akasema.

Nilitoka pale nikijisikia vizuri kabisa. Hakukanyaga tena kwangu nikiwepo.

Yakaanza majuma sita ya mafundi. Wa kwanza alichomoa plagi ya betri kubwa ili, kama alivyosema, gari lisahau umeme. Gari likasahau hata kuwaka. Wa pili alinishauri ning'oe kila kitu niweke injini ya dizeli. Wa tatu, mtu wa maombi, aliweka mkono juu ya boneti na kufumba macho, na nilipomwuliza anasikiliza nini akasema nimemkatisha. Kila mmoja nilimwuliza swali moja la fizikia kabla ya kumkabidhi funguo, na kila mmoja alishindwa. Ilinipa raha ya ajabu. Gari lilikuwa linakufa uani kwangu, na mimi nilikuwa nawasahihisha mafundi kama madaftari.

Na simu ya Sake ilikuwa inaita kila Jumapili. Kwanza mama mdogo hakuweza tena kutofautisha rangi. Kisha nyuso zikamchanganyikia, akawa anawajua wajukuu kwa sauti. Mama alinieleza haya bila kunilaumu, akiwa amekaa kitandani na mkongojo wake.

"Shemeji yako anasema anaweza kunipeleka," akasema siku moja.

"Katika gari la samaki? Mama wa mwalimu ashuke Sake ananuka sambaza?"

"Miye nilizaliwa mu shamba, papa. Harufu haiuwe mutu."

"Ngoja juma lijalo," nikasema. "Gari litakuwa tayari."

Nilisema juma lijalo mara nne. Hata kukodi teksi sikutaka. Mtu mwenye gari uani akodi gari la mwingine, majirani wakitazama? Niliona ni afadhali mama angoje, na nilijiambia kwamba macho hayazimiki kwa siku moja.

Mwishowe mwalimu mwenzangu alinielekeza Katindo, kwa mtu anayetengeneza betri za sola karibu na kambi ya jeshi. Nilifika asubuhi, gari likivutwa na lori, nikiwa na swali langu tayari. Alikuwa mtu mfupi aliyevaa kandambili, na hakunipa nafasi ya kuliuliza. Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akapitisha kiganja juu ya ngozi ya plastiki kando ya kiti, akafuata ule uzi mwekundu kwa kidole.

"Muzee, nani alifunga hii?"

"Kwa nini?"

"Hapa njo pahali betri inapumulia. Iko vantilateri ndani, inavuta hewa ya baridi. Mumeifunga pua."

Alikata uzi kwa wembe. Sponji ilitoka imenyauka kwa joto. Nilimwambia kuhusu bia, nikamweleza vizuri jinsi kimiminika kinavyoharibu sakiti. Akang'oa kiti, akafunua betri, akanionyesha. Kulikuwa kukavu. Bia ya shemeji haikuwahi kufika hata karibu.

"Ni fundi wa viti," nikasema. "Ndiye aliifunga."

"Fundi wa viti anafunga kwenye wanamuonyesha," akajibu, bila hata kuniangalia, akaendelea kupima.

Miaka ishirini na tatu nimewafundisha watoto kwamba kitu kinachofanya kazi hutoa joto na joto lazima lipate mahali pa kwenda. Liko katika mtihani wangu kila mwaka. Nikajiona mjinga, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu wa kandambili alikuwa ameliona kabla sijafungua mdomo.

Alibadilisha vipande viwili vya betri vilivyokuwa vimechoka, akasafisha feni, na saa nane mchana gari lilikuwa linatembea kimya kama linavyotakiwa. Nikamwomba aondoe pia vyuma vya springi. Liliposhuka chini, nikafurahi kweli. Nikaendesha hadi Keshero nikipanga maneno: mama, vaa, tunakwenda sasa hivi, giza halijaingia.

Dada yangu alikuwa uani kwangu anaanika nguo.

"Mama amekwenda Sake," akasema. "Bwana yangu alikuja kumuchukua asubuhi, pale ulitoka. Gari yake iko chini, aliingia peke yake, hata hakumushika."

Nilikaa ndani ya gari langu mpaka waliporudi. Shemeji alimshusha mama, akaniamkia kwa mbali, akageuza gari lake kwenda zake. Mama alinuka sambaza na alikuwa amechoka, lakini uso wake ulikuwa umetulia. Nikamketisha, nikamletea maji.

"Alikuona?" nikauliza.

Alikunywa kwanza. "Amebakia kuona dirisha tu. Dirisha na kivuli ya mutu. Alinipapasa uso muzima, akalia, nami nikalia. Juma ile ya Mugunga angeniona."

Nikampokea kikombe.

"Akauliza nani amenileta," mama akaendelea. "Nikasema ni mutoto yangu, mwalimu. Nilipata haya ya kusema ingine. Sikufikiri kama atataka kukusalimia. Akaita jina yako, akanyoosha mukono."

"Shemeji alikuwa wapi?"

"Pa mulango. Aliniangalia. Kisha akakuja akapiga magoti, akamupa mukono, akasema, 'Ndiyo, mama mudogo, ni miye.'"

Nilitaka mama anyamaze. Hakunyamaza. Alisema mdogo wake aliushika mkono ule kwa muda mrefu, akaupapasa kucha na kiganja, akasema hivi ndivyo ilivyo mikono ya mtu anayemtunza mama yake. Halafu akambariki kwa jina langu, jina lote, na la baba yangu, na shemeji akaitika amina.