Tope la Newala, Mezani kwa Bibi Elena

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipokuwa msichana mgeni hapa ughaibuni, mjini Greenbelt, nikimtunza mama mmoja mzee wa Romania, Bibi Elena. Nikimwogesha tulikuwa tukisimuliana ya makwetu, hata siri sikumficha.

Siku hiyo mkwewe, mume wa bintiye, alikuja kula. Huyo ni wa magharibi ya nchi yao, upande wa mpaka wa kuelekea Ulaya tajiri, ambako ukomunisti ulipoanguka wawekezaji walijenga viwanda na barabara kuu. Mashariki, kwa akina Bibi Elena, viwanda vya zamani vilifungwa, na vijana wakaenda Italia kuvuna nyanya.

Mkwe akaanza kejeli. "Mashariki hata barabara hawana. Wamezoea kungoja serikali. Wavivu tu."

Mimi, kwa kujipendekeza, nikacheka. Heri ningeishia hapo! Nikadakia, "Wengine hata uwajengee barabara, wataanika mihogo juu yake." Na waanika mihogo wenyewe ndio sisi wa Newala, kusini mwa nchi yetu, kusikokuwa na barabara. Kweli, ulimi hauna mfupa.

Mkwe akacheka mpaka akakohoa. Bibi Elena akaweka kijiko chini, akaniuliza taratibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Binti, uliniambia mama yako alifia njiani, gari limezama kwenye tope, hospitali bado mbali. Naye alikuwa mvivu?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Kuumbuliwa mbele ya mgeni si kitu, mwanangu. Nilikuwa nimemcheka mama yangu kaburini, tena kwa ajili ya kumfurahisha mtu nisiyemjua. Jioni nilipomwogesha Bibi Elena alinipa mkono niuoshe, lakini hadithi za kwao hakunisimulia tena. Nikawa nangoja maneno mazuri ya kumwomba radhi, naye akatangulia mbele ya haki kabla sijayapata. Mpaka leo naona haya.

Basi jana pale Langley Park, mtaa wa jirani, nilikusikia ukimcheka yule dada wa Kongo kwamba kwao hakuna umeme. Nyani haoni kundule. Ukiona upande mmoja wa nchi unang'aa na mwingine uko gizani, uliza kwanza nani aliamua waya upite wapi, kabla hujataja uvivu. Na ukimkosea mtu, usingoje maneno mazuri. Mwendee yule dada leo, hata kwa maneno mabovu.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, na kila mlango utakaobisha, akufungulie mtu asiyecheka ulikotoka. Amina.