Kigugumizi Kilichozaa

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, katika kambi ya wafanyakazi wa chai upande wa Kericho, nilijulikana kwa jambo moja: kuiga watu. Nilimwiga nyapara alivyotembea akipandisha suruali kila baada ya hatua tatu. Nilimwiga mhubiri wetu alivyofumbua jicho moja wakati wa maombi ili aone nani hajafumba. Mama alikuwa akirudi kutoka kuchuma majani, mgongo unamuuma kwa sababu ya kikapu, miguu imelowa, na nikimwonyesha jinsi karani wa mizani anavyopiga chafya, anacheka mpaka anakaa chini. Kwa hiyo sikuona ubaya wowote katika kipaji changu. Niliona ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba ninaifanya vizuri.

Kisha Chelangat akaja darasani kwetu.

Hakuwa mtoto wa kambi. Kwao kulikuwa ng'ambo ya kijito, nje ya shamba la chai, ambako nyanya yake alimlea na walikuwa na ng'ombe na kipande cha mahindi. Alitupita sote kwa urefu, alivaa sweta la kijani lililofumwa nyumbani, na alikuwa na kigugumizi. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza jina. Akasimama, akavuta pumzi, akaanza, "Che-che-che-che," na likakwama hapo. Siku hizo meneja wa shamba, Mzungu mmoja mwenye masharubu mekundu, alikuwa na pikipiki ambayo asubuhi za baridi haikuwaka mpaka aipige teke mara kumi. Mtu mmoja nyuma ya darasa akapiga teke sakafuni, kama anayesaidia kuiwasha. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu aligeukia ubao, lakini tuliyaona mabega yake yakitikisika.

Aliyepiga teke lile ni mimi.

Tangu siku hiyo akaitwa Pikipiki. Akiinuka kujibu swali, miguu arobaini inagonga sakafu. Na fundi wao nilikuwa mimi, kwa sababu sikuishia kwenye sauti tu. Nilijua jinsi anavyonyoosha shingo, jinsi macho yanavyopanda darini kutafuta neno, jinsi mkono unavyovuta ncha ya sweta. Sasa nikifikiria, naona katika shule ile hapakuwa na mtu aliyemtazama Chelangat kwa makini kama mimi, na haikumsaidia kitu.

Nyumbani tulikuwa na Nyanya, mama yake Baba. Alikuwa ametoka Kisii kututembelea kwa wiki mbili, na sasa alikuwa na mwaka mzima. Jioni moja alinikuta nikimwonyesha Mama Pikipiki. Mama alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. Nyanya aliendelea kupukuchua maharagwe, halafu akauliza,

"Nyaboke, huyo unayemwiga ni nani?"

"Ni msichana wa shule, Nyanya."

"Ndivyo anavyoongea?"

"Ndiyo."

"Basi acha. Kigugumizi hakichezewi. Kikizoea mdomo wako, kitaona kimepata nyumba."

Akanisimulia habari za mtu wa kwao aliyemwiga shemeji yake mguu wa kuchechemea, kwenye harusi, na asubuhi akaamka anachechemea, tena mguu uleule. Nyanya alikuwa na mtu wa kila onyo. Kulikuwa na aliyecheka kipofu, aliyecheka mwenye kibiongo, aliyecheka mwenye meno ya mbele. Nilipiga hesabu nikaona kijijini kwake hakuna aliyebaki mzima.

Jumatatu iliyofuata mvua ilitukuta uwanjani wakati wa mapumziko, tukajibana kwenye veranda. Nikaona umati, nikaona hakuna mwalimu, nikaanza. Shingo, macho, sweta, kila kitu. Nilikuwa sijawahi kumwiga vizuri kama siku ile. Watoto walikuwa wakilia machozi kwa kucheka, mara wakapisha njia. Chelangat alikuwa anakuja kwangu. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayekupa kiazi.

"Chukua," akasema.

Neno moja, limenyooka kama uzi. Kisha akatoka akaenda zake kwenye mvua.

Hakuna aliyecheka. Nilicheka mimi peke yangu, na nilikisikia kicheko changu kikiisha vibaya.

Jioni ile tulikuwa tunakula ugali wa wimbi na mboga, na mboga haikuwa na chumvi. "Mama," nikasema, "naomba chu-chu-chu-chu..."

"Nyaboke, si mezani," akasema Mama.

"Si-si-si-siigi."

"Nimesema acha."

Kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana naiga. Mama alinigonga vidole kwa mwiko. Baba alisema nikimdhihaki mtoto wa watu tena wakati yeye anakula, atavua mkanda. Mimi nalia, na hata kilio chenyewe kinakuja vipande vipande. Ni Nyanya peke yake aliyeweka tonge chini.

"Mwacheni," akasema. "Hapo haigi. Hapo ni yeye mwenyewe."

Siku mbili hazikuisha kabla shule nzima haijajua. Nilipoitwa kusoma, miguu arobaini iligonga sakafu, tena kwa bidii, kwa sababu niliwafundisha vizuri. Na balaa ni kwamba mwalimu alikuwa amenichagua kusema maneno ya kuwakaribisha wageni siku ya kufungua darasa jipya, kwa kuwa ulimi wangu haukuwahi kukwama. Zilibaki wiki tatu. Aliponisikiliza, alidhani namdhihaki yeye, akanipigisha magoti. Alipogundua kwamba sidhihaki mtu, alionekana kuogopa kidogo, akaniambia nirudi mahali pangu.

Chelangat naye alikuwa hasemi kitu. Watoto waliamini ameshatua mzigo na yuko huru, na kwamba anaweza kumtwika yeyote. Akipitia karibu na watu wanaonong'ona juu yake, ananyoosha tu kiganja. Niliona kwa macho yangu wavulana wa darasa la saba, wenye ndevu zinazoanza, wakikimbia.

Jumapili baada ya ibada Nyanya alinifunga leso kichwani, akachukua chane ya ndizi mbivu zilizoletwa kutoka Kisii, tukavuka kijito.

Nyanya yake Chelangat, ambaye kwa Kikipsigis aliitwa Kogo, alitupokea mlangoni. Wazee wale wawili hawakuwa na lugha ya kuelewana isipokuwa Kiswahili cha shamba la chai, ambacho kila mmoja alikuwa amejifunza kwa kusikia wengine wakigombezwa.

"Karipu, mama. Kaa," akasema Kogo.

Walikula ndizi. Wakaongea habari ya mvua, habari ya miguu. Ndipo Nyanya akasema, "Mama, mtoto yangu amecheka mtoto yako. Sasa ulimi yake imefungwa."

Kogo akanigeukia. "Sema."

"Ha-ha-ha-habari," nikasema.

Alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Ni hiyo," akasema. "Ni ya hapa kwetu kapisa." Aliitambua kama mtu anavyotambua ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.

"Basi tunaomba mwenyewe achukue kitu yake," akasema Nyanya.

Chelangat aliitwa kutoka kwa ndama. Kogo alimweleza kwa lugha yao. Yeye akajibu kwa Kiswahili, ili sisi tusikie vizuri: "Si-si-si-sitaki."

Nyanya aliacha kutafuna. "Kumbe bado iko na yeye?"

"Iko. Haijatoka hata siku moja."

"Na huyu wangu?"

"Hata yeye iko naye."

Nyanya alinitazama, kisha akamtazama Chelangat.

"Basi imezaa," akasema.

Kogo alitikisa kichwa kukubali. Kwao halikuwa jambo la kuchekesha. "Ndama ni ya mwenye ng'ombe," akasema Kogo. "Mtoto huyu akitaka atachukua. Asipotaka, itakaa kwa hii." Na akanionyesha mimi kwa kidole, kama zizi.

Hapo nilianza kulia. Chelangat alinitazama, na nadhani ilimpendeza kidogo, na ana haki. Kisha akaanza kusema. Ilichukua muda. Nilitambua kwamba sikuwahi kusikia sentensi yake nzima, kwa kuwa hatukuwahi kumwachia aifikishe mwisho. Aliposhikwa njiani, nikafungua mdomo kumsaidia, kwa mazoea, na Nyanya akanifinya paja.

"Ni-ni-nitachukua," akasema Chelangat. "Lakini a-a-aende shule na mimi kila siku. Na a-asinimalizie ma-maneno. Hata wengine wa-wasinimalizie."

Nyanya akakubali kwa niaba yangu. Kogo akaleta kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye masizi, ili Chelangat anitemee baraka. Sisi pia tulijua mate ya baraka, mradi yatoke kwa moyo safi. Usafi wa moyo wa Chelangat siku ile siwezi kuuapia. Alijaza mdomo mpaka mashavu yakatuna, akarudi hatua moja nyuma apate shabaha. Baraka ilinipata kuanzia kwenye leso mpaka kidevuni. Kogo alisema maneno ya kwao polepole, na Nyanya, Mkristo wa siku nyingi, akaitikia, "Amina."

"Sasa sema," Kogo akaniambia.

"A-a-a-asante."

"Ni ndama," akasema Kogo bila wasiwasi. "Inaachishwa ziwa bolebole."

Kuanzia kesho yake Chelangat alinisubiri pale kijitoni. Siku za kwanza, kutoka kijito mpaka shule, mazungumzo yetu yalifika sentensi nne. Lakini nilimsikia. Alikuwa mcheshi kuliko mimi, tena mwenye maneno makali, ila hakuna aliyekuwa na subira ya kuyafikia. Aliniambia lile neno "chukua" alilifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya ng'ombe, kwa sababu maneno ya "ch" ndiyo yaliyomtesa zaidi. Aliniambia pia kwamba mateke hayakumuumiza kama mwalimu, ambaye kwa upole wake alikuwa akimwambia, "Kaa chini, tumeelewa," na yeye hajasema kitu bado.

Kazi ngumu ilikuwa wale wengine. Mimi niliyeanzisha mateke nilisimama darasani kuyakomesha. "A-a-a-acheni," nikasema, na wakapiga teke. Chelangat akainuka, akanyoosha kiganja kwa darasa zima, polepole, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Darasa likatulia kama kanisa.

Siku ya wageni ilifika, na mwalimu hakuwa na mtoto mwingine aliyejua maneno yale kwa moyo. Nikasimama mbele. "Wa-wa-wa," nikaanza. Nikatafuta msaada. Nyanya alikuwa amefumba macho anaomba. Mama alikuwa akinisemea kwa midomo bila sauti, na mwalimu vilevile. Kila mtu alikuwa akinisaidia, na kila msaada ulinikwamisha zaidi. Chelangat alikuwa mwisho wa benchi, mikono magotini, ametulia kama mtu aliyeweka sufuria motoni na hana haja ya kupuliza. Nikaona nimwambie yeye.

"Wageni waheshimiwa," nikasema.

Ilichukua muda mara mbili ya uliopangwa, na nilijikwaa mara nne. Nilipomaliza, meneja wa masharubu mekundu alisimama akaongea kwa Kiswahili chake. "Toto hii nasema muzuri sana," akasema. "Hapana haraka kama ile ingine. Leo mimi nasikia kila neno." Akamgeukia mwalimu, akamwambia watoto wote wafundishwe kusema hivyo. Muhula mzima uliofuata tulisoma kwa mwendo wa kinyonga, kwa amri.

Kigugumizi changu kiliondoka kabla mahindi hayajavunwa. Sijui siku yenyewe. Nyanya alishukuru mursik, Mama alishukuru maombi, na Baba aliamini ni ule mkanda ambao hakuuvua. Mimi nilikuja kuwa mwalimu, nimesoma kidogo habari za watoto na hofu, na nina maelezo yangu. Cha Chelangat hakikuondoka. Alizeeka nacho, akasimamia kikundi cha akina mama wa maziwa upande wa Merigi, na kwenye mikutano hakuna anayethubutu kumkatiza. Kwangu kilikuwa cha wiki chache, na nikapewa wazee wawili na kibuyu cha kunitibu. Yeye alipewa sisi.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo sikumcheka mtu tena. Nimewacheka. Kipaji hakifi kwa kutemewa mate, na kwenye sherehe za familia bado naombwa nimfanye huyu na yule, na nawafanya. Lakini mara nyingine, katikati ya kicheko, naona mtu mmoja pembeni ametazama chini, na ulimi wangu unakuwa mzito kidogo, kweli kabisa, mtu mzima kama mimi mwenye wajukuu. Basi nakatiza hapohapo, nasema mimi nimesahau mengine, na naomba mtu anipe chai.