Kusimama si Kuachia

Mtaani walimwita Bi Itifaki, na lawama zote ni za mama yake. Siku binti alipopata kazi, mama alimuuliza huko anafanya nini, akajibiwa kwamba yuko kwenye itifaki. Mama hakungoja maelezo zaidi. Kufika jioni nyumba sita zilishajua kuwa binti wa msahihishaji anawapangia wakubwa viti kwenye sherehe, nani akae mbele na nani atajwe kwanza. Jirani mmoja alikuja hata kumwombea mumewe nafasi kwenye orodha ya waalikwa. Jamani! Bi Itifaki hajawahi kumpangia mkubwa hata kigoda. Itifaki yake ni ya kompyuta, nayo ilimtoa jasho kuliko mawaziri kumi.

Tuelewane mapema. Ndani ya kompyuta kuna programu inayosimamia skrini, na kazi yake ni ya tarishi. Ukigusa kipanya, au kile kibao cha kugusia kilicho chini ya herufi, habari inafika kwa tarishi kwanza, naye anazipelekea programu nyingine. Maneno anayoruhusiwa kusema yameandikwa, na hayo ndiyo itifaki. Neno ambalo hakupewa, halisemi hata umkabe koo. Kwa kusogeza ukurasa alipewa neno moja tu: sogea kiasi hiki. Gurudumu la kipanya likizunguka, sogea. Vidole viwili vikiteleza kwenye kibao, sogea. Nani kasogeza, na kama bado ameshika au ameshaenda zake, tarishi hakuwa na la kusema. Bi Itifaki alikuwa mmoja wa mafundi wanne waliomtunza tarishi huyo, katika kampuni ndogo juu ya duka la miwani.

Mama mtu alisahihisha hukumu za mahakama kabla hazijapigwa chapa, miaka thelathini na moja, chumba kilekile cha ghorofa ya pili. Rula chini ya mstari, penseli sikioni. Koma haikumpita, nukta haikumpita. Mwaka ule ofisi ikaondoa karatasi, kila mmoja akapewa kompyuta mpakato, yenye tarishi yuleyule anayetunzwa na binti. Hapo maji yakazidi unga. Mama aliweka vidole viwili, akateleza taratibu, akatulia asome. Mara ukurasa unaserereka wenyewe mistari minne, mitano. Akirudi hajui alikuwa wapi. Alijaribu kipanya, lakini gurudumu lake liliruka mistari mitatu kwa mpigo, na msahihishaji gani anayetaka kurukishwa?

Kitabu kimoja cha hukumu kikatoka na mstari mzima umekosekana, naye hakuuona. Mkuu wa ofisi akamwambia kwa upole, upole ule unaouma kuliko tusi, kwamba kosa jingine moja kabla ya mwisho wa mwezi na atahamishiwa mapokezi, akagawe vitambulisho vya wageni. Alirudi nyumbani akakaa na viatu miguuni.

"Nimezeeka, mwanangu," alisema. "Macho yameniasi."

Bi Itifaki hakulikubali hilo. Mama huyu alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Jumamosi akamketisha kwenye meza ya jikoni, akamfungulia ukurasa, kisha akaacha kabisa kuyatazama macho. Alitazama vidole. Viliteleza, vikatulia juu ya kibao bila kuinuka, na papo hapo ukurasa ukakimbia. Kumbe! Programu ya kusomea, kwa kuwa hakuna aliyeiambia vidole vimeinuka lini, ilikuwa inabahatisha. Ikipita kufumba na kufumbua bila habari mpya, inajiambia huyu ameondoka, na inauachia ukurasa uteleze kwa kasi ya mwisho iliyoisikia. Mafundi wenzake hawakuwahi kuliona hilo kwa sababu wote walisoma kwa kufyatua vidole, kurasa kumi kwa pumzi moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Akafanya kazi siku mbili. Alimpa tarishi neno jipya, "kimesimama", la kusema kila kidole kinapotulia, na programu ya kusomea akaifunza kulisikia. Alilileta nyumbani kifua mbele, akaliweka kwenye kompyuta ya mama, akasubiri kupongezwa. Ukurasa ukakimbia upesi kuliko mwanzo. Sasa programu ya kusomea haikuwa na haja ya kubahatisha. Ilikuwa inaambiwa rasmi kwamba mama amemaliza, na mama ndiyo kwanza anaanza kusoma.

Mama akauliza kama hiyo ndiyo dawa au ndiyo ugonjwa wenyewe, na binti akamwonyesha neno aliloandika. Kisha akatoa penseli sikioni, akamtazama binti yake jinsi alivyozoea kuutazama mstari wenye kosa.

"Hapa umeandika neno silo. Mimi nimesimama, sijaachia. Nikisimama mlangoni pako utasema nimeshaondoka?"

Bi Itifaki aliona haya, akacheka, akaona haya tena. Miaka saba kazini, na aliyemsahihisha itifaki ni mtu anayedhani itifaki ni viti! Kibao cha kugusia kinajua kabisa vidole viko juu yake au haviko. Ni yeye aliyekiuliza swali baya. Akafuta "kimesimama". Akaandika "kimeachia", neno la kusemwa vidole vinapoinuka na si kabla ya hapo. Vikitulia saa nzima, ukurasa utulie saa nzima, na vikiinuka baada ya kutulia usiserereke.

Sasa amalizane na Mzee wa Hapana. Huyu alikuwa mkuu wa mafundi, na jina hilo alilipata kihalali. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, kwa sababu neno likishaingia kwenye itifaki halitoki. Programu mia zinalitegemea. Alikuwa na msemo wake wa kila kikao, kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na aliusema tena siku hiyo. Kisha akauliza swali la haki: gurudumu la kipanya halijui kidole kimeinuka lini, sasa tarishi atasemaje kimeachia? Atadanganya?

Bi Itifaki alikuwa amelilalia na kuliamkia swali hilo. Akasema tarishi ataje kwanza habari imetoka wapi, kwenye gurudumu au kwenye kidole. Ikiwa ya gurudumu, neno la kuachia halisemwi kabisa, na programu isilingoje. Programu za zamani zisizojua maneno haya zitaendelea na "sogea" yao kama jana.  Mzee alisema atakubali akiona kwa macho yake, tena kwenye ofisi hiyohiyo.

Basi siku tatu kabla ya mwezi kuisha, chumba cha ghorofa ya pili kilijaa. Mkuu wa ofisi, Mzee wa Hapana, wasahihishaji watatu wa meza nyingine, na Bi Itifaki aliyejibanza kando ya kabati la mafaili. Mama alipewa hukumu ya kurasa arobaini. Akaisimamisha rula yake mbele ya skrini, akatia penseli sikioni, akaanza.

Aliteleza, akatulia, akasoma. Ukurasa haukwenda popote. Ukurasa wa kumi, wa ishirini, na mgongo wa mama ukazidi kunyooka. Kwenye ukurasa wa thelathini na nne vidole vilitulia, na safari hii havikuendelea. Dakika ikapita. Bi Itifaki alifikiri kazi yake imeharibika hapo hapo mbele za watu.

"Mstari huu," mama alisema. "Imeandikwa mshtakiwa ana hatia. Ukurasa wa pili jaji amesema ushahidi wote umeanguka. Kuna H imepotea hapa."

Mkuu wa ofisi akaagiza hukumu yenye saini ya jaji. Ikaletwa, ikafunguliwa, akaisoma mwenyewe kwa sauti: hana hatia. Herufi moja, na mtu angeitwa mkosaji vitabuni mpaka wajukuu zake. Hakuna aliyetaja mapokezi tena, siku hiyo wala baadaye. Mzee wa Hapana alijikohoza, akasema "Ndiyo," na mafundi wake mpaka leo wanaitaja tarehe hiyo.

Wakamwomba mama aseme neno. Akasimama, akawatazama wakubwa wawili, wa ofisi na wa mafundi, asijue nani atajwe kwanza, kisha akamtazama binti yake pale kando ya kabati. Mkono wake mmoja ulikuwa bado kwenye kibao.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, akaviinua vidole.

Ukurasa ulibaki palepale alipouacha.