Barua Pepe Iliyomleta Mama Zuhura Tabora

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi ambayo mama mmoja alishuka kwenye treni kutoka Dodoma, akaja moja kwa moja dukani kwetu Kanyenye, mjini Tabora, na kuuliza ni nani aliyemuuzia mumewe asali.

Enzi hizo nilikuwa binti, nafanya kazi kwa shangazi yangu Tausi. Tulinunua asali kwa wafuga nyuki wa vijijini, tukaichuja na kuifungasha. Duka zima lilinukia nta. Hadi leo nikiisikia harufu ile, narudi pale: redio ya shangazi inaimba taarabu, honi ya treni inasikika kutoka stesheni, na kompyuta yetu moja imefunikwa kitambaa cha kufuma isipate vumbi. Aliyejua kuitumia ni Ramadhani, mtoto wa shangazi, kijana mcheshi aliyetamani sana kuona biashara ya mama yake inakua.

Ramadhani alinunua anwani za barua pepe kwa mtu wa Dar es Salaam. Akaambiwa ni za watu wa hoteli na maduka, naye hakuuliza zimepatikanaje. Kwa kuhofia kwamba watu hawatafungua ujumbe wa mgeni, aliandika kama anayewajua: “Ndugu mteja wetu, tunakushukuru kwa kununua asali yetu ulipopita Tabora. Karibu tena dukani kwetu Kanyenye.” Akautuma kwa anwani zote kwa mkupuo. Siku hiyo alifurahi mpaka akaninunulia soda.

Mama yule alijitambulisha kuwa ni Mama Zuhura. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchovu. Mumewe alikuwa fundi mitambo. Alisafiri kikazi kwenda Kigoma, akaugua ghafla hukohuko na kufariki. Tangu hapo mkewe ndiye aliyekuwa akifungua barua pepe zake, kwa ajili ya mambo ya mirathi, ndipo akakuta shukrani zetu.

“Sikujua kama alishuka Tabora,” alisema. “Nimekuja kusikia tu. Alikuwa na hali gani? Alisema asali anampelekea nani?”

Shangazi alinitazama, nami nikamtazama Ramadhani. Angeweza kutunga neno tamu, na mama yule angelipokea. Shangazi akamwahi.

“Rama, mwambie mama ukweli.”

“Mama, nisamehe,” alisema, macho chini. “Sikumjua mumeo. Anwani yake niliinunua. Yale maneno niliyatunga mwenyewe.”

“Kwa hiyo hakupita hapa?”

“Sijui, mama.”

Mama Zuhura akasema, kama anayejisemea, “Nimeshawaambia watoto kwamba baba yao alikuwa amewanunulia asali.”

Mwanangu, nimesikia matusi mengi sokoni, lakini hakuna lililowahi kunichoma kama maneno yale ya upole.

Shangazi alimkaribisha nyumbani. Tulimpikia wali na kuku, naye akatusimulia habari za mumewe, jinsi alivyopenda kupiga mluzi akioga, mpaka mwenyewe akacheka kidogo. Kesho yake tulimsindikiza stesheni. Shangazi alimpa chupa ya asali, akaikataa kwa heshima. Hatukumlazimisha.

Tuliporudi, Ramadhani alitaka kufuta anwani zote na asiguse tena kompyuta. Shangazi akamkatalia. “Kubisha hodi kwa mtu wa hoteli si kosa,” alimwambia. “Wewe hukubisha. Umeingia chumbani kwa watu ukajifanya ndugu yao.”

Basi Ramadhani akampigia simu yule mtu wa Dar es Salaam, akamuuliza zile anwani zimetoka wapi. Jamaa akababaika tu. Ramadhani akafuta za watu binafsi zote, ya marehemu ikiwa ya kwanza, akabakiza za biashara zilizojulikana wazi. Akawaandikia kidogokidogo: sisi ni fulani wa Tabora, tunauza asali, anwani yenu tumeinunua kwa mtu, je, mnaturuhusu tuwaandikie? Kama hapana, tujibuni na tutaifuta. Wengi walinyamaza, naye hakuwaandikia tena. Wachache walijibu. Mmoja wao, mwenye hoteli Mwanza, aliendelea kununua asali kwetu mpaka shangazi alipofariki.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia umenunua anwani kwa ajili ya biashara yako ya batiki. Sikukatazi kutafuta wateja, mwanangu. Ila kwanza muulize aliyekuuzia kama wenyewe walikubali zitolewe, na akishindwa kujibu, achana nazo. Unapoandika, jitaje jina, sema anwani umeipata wapi, na usijifanye kumjua usiyemjua. Anayetaka kutoka kwenye orodha yako, mwonyeshe mlango waziwazi na umfute siku hiyohiyo. Anayenyamaza, mwache apumzike. Na kabla hujabonyeza kutuma, kumbuka kwamba huko mwisho kuna mtu, na hujui siku yake imeamkaje.

Mungu akupe riziki ya halali na ulimi wa kweli. Akujalie wateja watakaofurahi kuliona jina lako. Na anayekupokea akupokee kwa moyo mweupe. Amina.