Ugonjwa wa Muda Mfupi wa Nyanchera

Nyanchera hakuhitaji mizani. Aliuinua mkungu wa ndizi kwa mkono mmoja hadi kifuani, akautua, akakwambia uzito wake. Ukienda kupima, unarudi umenyamaza. Kwa miaka kumi na moja alizikusanya ndizi kwa wakulima wa Birongo, akazileta Kisii mjini, na Samsam, mchuuzi mwenzake, akazipakia kwenye malori ya Nairobi. Udugu hawakuwa nao: huyu Mwislamu wa mjini, yule Msabato wa shambani. Waliaminiana tu, na sokoni uaminifu ni bidhaa inayopatikana kwa msimu.

Mkono ule ndio uliotangulia kuharibika. Ulianza kutetemeka. Kisha macho yakatoka kama ya mtu aliyeshtuliwa, shingo ikajaa chini ya kitambaa, na mwanamke aliyekuwa akimaliza sahani mbili za ugali akabaki mifupa. Watu walikwisha mchagulia ugonjwa wanaoujua wao. Samsam hakuwa na saa ya kusikiliza. Akafunga naye safari hadi hospitali, damu ikapimwa, na daktari akasema ni tezi ya shingoni: inafanya kazi kupita kiasi, inauchapa moyo kama punda wa kukodi. Akaandikiwa vidonge vya kila siku.

Baada ya miezi minane nyama zilirudi, mkono ukatulia.

"Mama Yakub," Nyanchera alimwambia Samsam siku moja wakipanga mikungu, "hebu niangalie. Mimi ni mgonjwa?"

Samsam alimkagua kama anavyokagua ndizi, rangi na unene, hakuona mahali palipooza. "Mgonjwa wa wapi? Umenona hadi unaziba mlango. Aliyepona dawa ni za nini?"

Wakacheka. Nyanchera akaacha vidonge. Kosa la wachuuzi hilo, kuamini ganda.

Alikaa mwaka na nusu akionekana mzima, kisha akaanza kuhema kwenye vilima na kulala ameegemea mito. Alisema ni uzee. Mvua za Aprili zikamletea homa ya mapafu, akalazwa. Siku tatu wodini moyo ulimpiga hata shuka likaonekana likitikisika. Siku ya tatu, adhuhuri, ukasimama.

"Dawa za tezi aliacha lini?" daktari aliuliza.

Samsam alimtajia mwezi.

"Mapafu yamefungua mlango tu. Tezi ndiyo iliyouchosha moyo." Daktari akafunga faili. "Nani alimwambia aache?"

Samsam aliomba aisome karatasi ya hospitali.

Kwa Wagusii maiti haiingii kaburini kabla mtu hajasimama kueleza ugonjwa: ulianzaje, ulitibiwa wapi, uliishaje. Samsam alifika Birongo akakuta Angwenyi, mume wa marehemu, amekwisha chapisha ratiba ya mazishi. Ndani yake: *alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi.*

"Baba Joyline, muda mfupi gani huu? Miaka mitatu!"

"Ni maneno ya mazishi, Mama Yakub. Kila mtu huandikwa hivyo."

"Karatasi ya hospitali inasema tezi."

"Inasema moyo. Soma mstari wa kwanza."

"Nimesoma hata wa pili."

Angwenyi alimvuta nyuma ya hema. "Wageni wa Sironga wale pale, wazazi wa kijana anayemposa binti yangu Joyline. Unataka wasikie damu ya nyumba hii ina ugonjwa? Wewe utamwoa?"

Joyline alikuwa akipitisha uji. Vikombe viligongana kwenye sinia tangu mwanzo wa safu hadi mwisho, na sketi ameifunga kwa pini mbili isimdondoke.

"Mtazame mikono," Samsam alisema.

"Ni kilio. Hajalala siku nne."

"Hata mama yake alipotetemeka tulisema ni kazi."

Angwenyi alitazama, akageuza uso. "Dakika mbili za kuzungumza. Utoe pole, ukae."

"Tatu. Na nitasema ninachokijua."

"Ukisema, hapa kwangu usirudi."

Bei ilikuwa kubwa, na ndani yake mlikuwa na wakulima wote wa kijiji kile. Samsam hakuishusha. "Sawa," akasema.

Alizungumza Kiswahili, na mzee wa kanisa akamfasiria kwa Ekegusii. Alieleza mkono, macho, shingo, vidonge. Mzee alifasiri bila shida mpaka Samsam aliposema, "Mimi ndiye niliyemwambia amepona, akaacha dawa." Hapo mzee alimtazama kama anayempa nafasi ya kujirekebisha. Samsam akarudia, polepole zaidi. Mzee akafasiri.

"Ugonjwa huu una dawa," akamalizia. "Na mara nyingine hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti. Anayetetemeka apimwe."

Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe muuaji amekuja na leso ya kilio!" Hakuna aliyemkanya. Watu wa Sironga waliondoka kabla ya chakula. Angwenyi alipokea mikono ya waombolezaji wote, ya Samsam akaiacha hewani.

Wiki mbili hakuna mkungu uliotoka Birongo kuja kwake. Jumanne ya wiki ya tatu Joyline alisimama mbele ya kibanda cha Samsam.

"Wale wa Sironga wamekataa," alisema. "Baba hajui niko hapa. Na sijaja kukusamehe, Mama Yakub. Nimekuja unipeleke."

"Twende," Samsam akasema, akavuta mlango.

Hospitalini muuguzi alimpima Joyline mapigo ya moyo, akatazama saa, akapima tena. Akachukua kalamu.

"Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua tezi?"

"Mama."

"Yeye anaendeleaje na dawa?"

Joyline alimgeukia Samsam, akangoja yeye ajibu.